Mistari ya Stambuli

Hidaya alikuwa akiteka maji kijitoni alipomwona kaka yake anashuka mlimani peke yake, hana kofia, hana panga, nusu ya uso imeganda damu na matope. Akamwita. Stambuli hakuitika. Alimpita dada yake kama mtu asiyemfahamu, akaendelea kushuka hadi uwanja wa shule ya misheni, akakaa kwenye ngazi za baraza na kuanza kusema.

Ilikuwa masika, miaka michache baada ya reli ya Wajerumani kufika Morogoro. Mvua ilikuwa imenyesha Uluguru usiku kucha, na kijijini Kilundwa hapakuwa na mtu aliyelala, kwa sababu jioni ya jana yake mlima ulikuwa umenguruma upande wa machimbo na wachimbaji watatu hawakurudi nyumbani. Stambuli alikuwa mmoja wao. Wengine wawili walikuwa Alois, mume wa Regina, na Stefano, mtoto wa pekee wa mama Yuliana. Walichimba ulanga, yale mawe yanayong'aa na kubanduka ganda kwa ganda kama kitunguu, ambayo Wazungu waliyapakia kwenye treni na kuyapeleka kwao.

Regina alikuwa ameshabeba jembe begani, yuko njiani kupanda machimboni pamoja na wenzake, aliposikia kelele kwamba mmoja amerudi. Akageuka na kukimbia. Aliteleza, akainuka, akateleza tena, na alipofika barazani moyo ukamshuka kidogo kuona kwamba aliyerudi hakuwa Alois. Akaona haya kwa wazo hilo, akampa pole Hidaya, kisha akachuchumaa mbele ya Stambuli kumtazama vizuri.

Nyapara wa machimbo, Ahmadi, alifika nyuma yake akihema. Alikuwa mtu mfupi kutoka Morogoro mjini, mwenye sauti ya kukwaruza, na tangu jana alikuwa hajaketi. Mzungu mwenye machimbo alikuwa mjini, padre naye alikuwa mjini, na mito ilikuwa imefunga njia. Kila lililokuwa la kuamuliwa lilimwangukia yeye.

"Stambuli, ndugu yangu," akasema. "Wanijua?"

Stambuli alimtazama kifuani, si usoni. "Alois akachoma magimbi," akasema.

"Wenzako wako wapi?"

"Maji yaliingia shimoni."

Watu waliokuwa wamewazunguka wakasogea karibu. Mama Yuliana akafunika mdomo kwa upande wa kaniki yake. Ahmadi akawageukia watu.

"Basi wamo shimoni," akasema. "Ndiko nilikowapangia kazi, na shimo lote limefukiwa, nimeliona kwa macho yangu. Watu nilio nao wanatosha kuchimba mahali pamoja tu. Mwenye jembe anifuate."

Wakaondoka, wanaume karibu wote na wanawake wenye nguvu. Regina alikuwa ameshapiga hatua kuwafuata pale Stambuli aliposema tena, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka:

"Tukawasha moto."

Regina akasimama.

"Amesema nini?"

"Anasema hivyo tangu alipokaa," Hidaya akajibu. Alikuwa akimfuta kaka yake damu kwa kitambaa chenye maji ya moto. "Mara moto, mara maji, mara magimbi. Akimaliza anarudia. Kichwa kimegongwa, shoga yangu, usimsikilize sana utaumia."

"Moto unawashwaje kwenye shimo lililojaa maji?"

Regina akaweka jembe chini na kuita ndani ya shule, "Mwalimu Gabrieli. Mwalimu, njoo na vibao vyako."

Gabrieli alikuwa mwalimu na katekista, kijana mrefu aliyesoma misheni ya Morogoro. Asubuhi hiyo alikuwa ndani akipanga blanketi na magodoro ya majani kwa ajili ya watakaookolewa, au watakaopatikana. Jumapili alasiri alifundisha darasa la watu wazima, na katika darasa hilo alikuwa na zoezi ambalo watu walilipenda kuliko nyimbo. Aliandika kisa kifupi, mstari mmoja kwenye kila kibao, akavichanganya vibao na kuwagawia. Kila mtu alishika mstari wake, na walipaswa kujipanga ukutani mpaka kisa kisomeke kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watu walisukumana na kubishana, wengine wakatoka nje kwa hasira na kurudi. Regina ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Alois alizoea kumtania kwamba siku hizi hata akigombezwa, kwanza anayapanga matusi upya ndipo anajibu.

"Mwandikie," Regina akamwambia mwalimu. "Kila analosema, kibao chake. Hajibu maswali, lakini anatuambia kitu."

Gabrieli hakuuliza mara mbili. Alipiga magoti karibu na Stambuli, kalamu ya jiwe mkononi, akasubiri. Stambuli alisema, naye akaandika. Alisema tena, akaandika tena. Palipokuwa na marudio Regina alitikisa kichwa, na palipokuwa na jipya alisogeza kibao kitupu. Baada ya muda mapya yalikwisha. Stambuli alikuwa akizunguka kwenye maneno yale yale, kila mara kwa mpangilio mwingine, na vibao vyote vilikuwa vimelala sakafuni mbele yao.

Gabrieli akavisoma kwa sauti, kama vilivyokuja.

"Alois akachoma magimbi. Maji yaliingia shimoni. Tukawasha moto. Sikuuona mlango tena. Nikarudi kukichukua. Stefano akacheka. Mlima ukanguruma. Tukalivuka mmoja mmoja. Tulikisahau juu ya jiwe."

"Mwanangu alicheka," mama Yuliana akasema. Alikuwa amebaki, ameketi ukutani, magoti hayakumruhusu kupanda. "Someni tena."

Gabrieli akasoma tena. Safari hii Regina hakusikiliza, alikuwa akisogeza vibao kwa mikono miwili. Aliweka moto kwanza, magimbi pili, kicheko tatu, halafu maji, halafu mlima. Akatazama alichokipanga, na kilisomeka. Watu watatu wamo shimoni, wamewasha moto, wanachoma magimbi, wanacheka, maji yanaingia, mlima unaporomoka. Hivyo ndivyo alivyoelewa Ahmadi, na kama ni hivyo hapakuwa na mtu hai huko chini.

"Hapana," Gabrieli akasema.

"Kinasomeka, mwalimu."

"Kinasomeka, lakini tazama kilivyoanza. 'Tukawasha moto.' Nani anaanza habari na 'tuka'? Ukija kwangu asubuhi, hujanisalimu, hujakaa, ukaniambia 'tukawasha moto', nitakuuliza nini?"

"Utaniuliza baada ya nini."

"Ehe. Hiyo 'ka' inafuata kitu. Imetanguliwa." Akaanza kuvigusa vibao kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu. "Huyu 'akachoma', huyu 'akacheka', hii 'tukalivuka', hii 'nikarudi', huyu 'ukanguruma'. Na hii 'sikuuona' ina 'tena' yake. Wote wamefuata. Sasa nitafutie ambaye hakufuata."

Regina akakichomoa kibao cha maji na kukiweka mbele kabisa. Maji yaliingia shimoni.

"Kuna kingine," mama Yuliana akasema kutoka ukutani. "Mimi sijui kusoma ila masikio ninayo. Mmesema 'tulikisahau'. Nacho hakina hiyo 'ka' yenu. Kwa nini kisianze hicho?"

Gabrieli akakuna kidevu. Lilikuwa swali la haki, na Regina ndiye aliyelijibu, haraka, huku akikiinua kibao chenyewe.

"Kwa sababu hatujui ni nini walichokisahau, mama. 'Ki', kitu gani? Hiyo ni ya mtu aliyeshtuka katikati ya shughuli: lo, kitu fulani tumekisahau kule. Na hiki hapa kinamfuata." Akakipachika kando yake kile kilichosema Nikarudi kukichukua. "Walikisahau juu ya jiwe, Stambuli akarudi kukichukua."

"Kikapu," Hidaya akasema. "Cha ulanga. Kaka huwa anakiweka juu ya jiwe kubwa karibu na shimo, ili kisilowe chini."

Wote wanne wakatazamana. Regina alijiona akisema polepole, ingawa kichwani maneno yalikuwa yanakwenda mbio.

"Kikapu kiko karibu na shimo. Na Stambuli amesema alirudi kukichukua. Mtu akiwa bado yuko shimoni hasemi amerudi shimoni. Walikuwa wameshaondoka."

"Wakaenda wapi?" mama Yuliana akauliza. Alikuwa ameinuka, ameshika ukuta.

Wote walikuwa wameshakigeukia kibao kingine ambacho hakijapata mahali pake. Tukalivuka mmoja mmoja.

"Mto," Hidaya akasema. "Walivuka mto waje nyumbani."

"Angesema tukauvuka," Gabrieli na Regina wakajibu kwa pamoja. Gabrieli akaendelea, "Amesema 'li'. Tunatafuta kitu chenye 'li', na kinavukwa."

"Daraja," mama Yuliana akasema.

Regina alihisi kama amepigwa. Daraja lilikuwepo, padre alilijenga chini ya machimbo kwenye njia ya kijijini, na njia ile ilikuwa imeporomoka kwa urefu wa kutisha, hata asubuhi hiyo watu walipanda kwa kuzunguka msituni. Kama walikuwa wamevuka daraja wakija nyumbani, basi walikuwa chini ya udongo ule, na hakuna majembe ya kutosha Uluguru nzima kuwatoa. Lakini alikuwa amelivuka daraja lile wiki iliyopita tu, na mzigo wa kabichi kichwani, huku punda wawili wa misheni wakimpita.

"Mmoja mmoja," akasema. "Mwalimu, nani anavuka daraja la padre mmoja mmoja? Punda wanapishana pale."

"Basi ni kitu chembamba."

"Gogo," Regina akasema.

Alilisema kwa sauti ya chini, kisha akalirudia kwa nguvu. Juu ya machimbo kulikuwa na korongo lenye kuta za mawe, na juu ya korongo hilo kulilala gogo refu la mti ulioanguka zamani. Wanawake walilivuka wakienda kuokota kuni. Walivuka mmoja mmoja, kwa sababu lilikuwa linanesa. Ng'ambo yake palikuwa na pango ambalo Mzungu wa kwanza alilichimba akitafuta ulanga, hakupata, akaliacha. Regina alikuwa ameingia humo mara nyingi mvua ilipomkuta na kuni zake. Palikuwa pakavu, na palikuwa na mafiga matatu ambayo wanawake wenyewe waliyapanga.

Hakuhitaji tena kufikiri. Mikono ilikwenda yenyewe, na Gabrieli akawa anasoma vibao kadiri vilivyokuwa vinatua: "Maji yaliingia shimoni. Tukalivuka mmoja mmoja. Tukawasha moto. Alois akachoma magimbi. Stefano akacheka. Tulikisahau juu ya jiwe. Nikarudi kukichukua. Mlima ukanguruma. Sikuuona mlango tena."

Mama Yuliana alikuwa analia bila sauti. "Hao wamo pangoni," akasema. "Nendeni basi. Mnakaa mnanitazama mimi wa nini?"

Hidaya akabaki na kaka yake na mama Yuliana. Regina na Gabrieli wakakimbia. Mvua ilikuwa imeanza tena, nyembamba na baridi, kwa hiyo vibao waliviacha. Maandishi ya kalamu ya jiwe yangefutika njiani. Regina alipanda akiikariri mistari ile kwa pumzi alizonazo. Mahali fulani kiatu kimoja cha Gabrieli kilibaki kwenye matope, naye hakukirudia. Wakati huo wote Regina alikuwa na furaha ya ajabu kifuani, furaha iliyomtisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amepatikana bado, lakini kwa mara ya kwanza tangu jana mumewe alikuwa mahali fulani. Alikuwa na mlango, moto na chakula. Alikuwa mahali ambapo mtu anaweza kwenda.

Machimboni walimkuta Ahmadi amezama kiunoni kwenye udongo, anachimba pamoja na watu wake. Walikuwa wameshafikia mbao za juu za ngazi ya shimo, na kila walichokitoa mvua ilirudisha nusu yake.

"Shikamoo, bwana Ahmadi," Regina akasema. Hata katika haraka ile alimwamkia, kwa sababu alitaka asikilizwe. "Hawamo humo."

"Marahaba. Nani kasema hawamo?"

"Stambuli."

"Stambuli kaniambia mimi maji yaliingia shimoni."

"Amekwambia mwanzo wa habari, na habari ina mwisho wake. Naomba unisikilize mpaka nimalize."

Wachimbaji waliacha kuchimba. Ahmadi alitaka kuwafokea, lakini akautazama uso wa Regina na kujipangusa wake kwa mkono. "Haya."

Regina akasema yote. Pale Stambuli alipokuwa ameacha nafasi tupu yeye aliijaza: walilivuka gogo, walikisahau kikapu. Hakuinua sauti. Alipofika kwenye kikapu, mmoja wa wachimbaji akaonyesha kwa kidole jiwe kubwa ukingoni. Kikapu kilikuwepo, kimeinama upande, kimejaa maji na ulanga.

"Tulikiona asubuhi," yule mchimbaji akasema. "Tukasema ndiyo ushahidi kwamba wako chini."

"Kikapu hakinithibitishii kitu," Ahmadi akasema. "Mtu akiwa shimoni kikapu huwa kiko pale pale. Mwalimu, nikiwaondoa watu hapa tumefika kwenye ngazi, na kumbe wamo, nitamwambia nini mama yake Stefano? Una hakika?"

Gabrieli alikuwa amesimama kwa mguu mmoja wenye kiatu na mmoja wenye matope. "Sina hakika ya mlima," akasema. "Nina hakika ya mpangilio. Nimeujaribu kila namna, na namna nyingine zote zinavunjika."

Midomo ya Ahmadi ilikuwa inacheza, na Regina akatambua kwamba anairudia ile mistari mwenyewe, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Alipofika wa mwisho akasimama.

"Huo wa mwisho alisemaje?"

"Sikuuona mlango tena."

"Mlango. Alisema mlango, hakusema mdomo?"

"Mlango. Alirudia zaidi ya mara moja."

Ahmadi akatazama udongo uliomzunguka kiunoni. "Hili shimo linakwenda chini kama kisima," akasema. "Tunaingia kwa ngazi. Miaka yote niliyokaa hapa sijasikia mtu akiliita mlango, sote tunasema mdomo wa shimo. Lenye mlango ni lile pango tu." Akanyoosha mikono. "Nitoeni humu. Chukueni kamba zote. Wote, twendeni juu."

Hapo ndipo mambo yalipokwenda mbio. Walipanda kwa mikono na miguu hadi kwenye korongo, na gogo halikuwepo. Maji yalikuwa yamelichukua, yakaacha kovu jekundu ukingoni. Ng'ambo, pale palipokuwa na pango, udongo ulikuwa umemwagika kutoka juu na kufunika kila kitu, na miti midogo ilikuwa imesimama kichwa chini ndani yake. Sasa walielewa yaliyompata Stambuli. Alikuwa ameshavuka kurudi huku, mlima ukaporomoka pande zote mbili za korongo, kitu kikampiga kichwa, na alipogeuka kuwatazama wenzake hakukuwa na mlango wa kutazama.

Mchimbaji mmoja alijifunga kamba na kuteremka kwenye maji. Yalimfika kifuani, yakamwangusha, wakamvuta. Akajaribu juu zaidi, penye mawe, akafika. Kamba ikafungwa kwenye mti huku na huku, nao wakavuka wakiishikilia, majembe yamefungwa migongoni. Ahmadi alimwambia Regina abaki. Regina alishaanza kuvuka.

Ng'ambo ilibidi wajue waanzie wapi, maana udongo ulikuwa mwingi na hapakuwa na alama. Wanaume walianza kubishana, mmoja anasema kushoto, mwingine anasema juu. Regina alipita katikati yao akitafuta kitu anachokijua. Akauona mwamba wenye mstari mweupe ambao wanawake walikuwa wakiegemeza kuni zao wakipumzika. Ulikuwa umezikwa ukabaki kama kiganja tu juu.

"Mlango uko mkono wa kulia wa mwamba huu," akasema. "Ukinyoosha mkono unaugusa."

Wakachimba. Gabrieli hakuwa na jembe, akachimba kwa ubao uliovunjika. Hakuna aliyezungumza isipokuwa Ahmadi, aliyewapanga wapokezane ili wanaochimba wawe wapya wakati wote. Udongo ulikuwa mzito, lakini haukuwa na maji kama kule chini, nao ulitoka. Kisha jembe la mtu mmoja likapita ndani bila kugonga kitu. Akalivuta, na kwenye tundu lililobaki ikatoka harufu.

Ilikuwa harufu ya magimbi yaliyoungua.

Regina akalala kifudifudi na kuweka mdomo kwenye tundu. "Alois," akaita.

Sauti kavu, ya Stefano, ikasema kutoka gizani, "Dada Regina, punguza udongo unaoniangushia usoni."

Wale watu ambao hawakuwa wameongea muda wote ule wakaanza kuongea wote kwa mpigo. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Ahmadi aliwafokea warudi kwenye majembe, na alipokuwa akifoka machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi wala hakujali. Tundu likapanuka likawa la kupitisha mkono, kisha kichwa. Stefano alitoka kwanza, mweusi kwa masizi, akikohoa. Moto waliuzima wenyewe mara mlango ulipoziba, akaeleza, walipoona moshi hauna pa kwenda, na hewa kidogo ilikuwa ikipita kwenye ufa wa mwamba. Alois hakuweza kutembea. Jiwe lilikuwa limemwangukia mguu. Ilibidi Ahmadi na mchimbaji mwingine waingie ndani kwa tumbo, waliinue jiwe kwa mti, wamvute kwa mabega.

Alipotolewa alifumba macho kwa sababu ya mwanga. Regina alimshika uso kwa mikono yake yenye udongo.

"Stambuli yuko wapi?" Alois akauliza. "Alitoka kabla. Tumeita usiku kucha. Stambuli alitoka."

"Yuko shuleni. Anaishi. Ndiye aliyetuleta."

"Alijuaje kwamba tuko hai?"

"Hakujua," Regina akasema. "Kunywa maji kwanza."

Kumvusha Alois korongoni kulichukua sehemu kubwa ya mchana, na kumteremsha kwa machela ya miti na blanketi kulichukua iliyobaki. Habari ziliwatangulia. Kengele ya kanisa ikapigwa huko chini na mtu ambaye hakuwa ameruhusiwa kuipiga, na watu wa upande wa msikitini wakapanda kuwapokea njiani, wakabadilishana kubeba. Mama Yuliana alikuwa amefika hadi chini ya mlima kwa magoti yake mabovu. Alimpiga Stefano kofi la bega, kisha akamshika na asimwachie mpaka barazani.

Stambuli alikuwa amelala kwenye godoro la majani, kichwa kimefungwa. Hidaya alisema alikuwa ameendelea na maneno yake hadi adhuhuri, kisha akanyamaza. Walimweka Alois kando yake. Stefano akakaa katikati, bado ananuka moshi, akamgusa mkono.

"Kaka Stambuli. Kikapu chako kipo. Nimekiona mwenyewe pale kwenye jiwe."

Stambuli alimtazama. Safari hii alimtazama usoni, akakaa akimtazama, kisha akamgeukia Alois, na macho yake yakashuka hadi kwenye mguu uliofungwa vijiti. Gabrieli alikuwa amesimama mlangoni bila viatu. Regina alimwona anashika kalamu yake ya jiwe bila kujua anaishika.

"Mguu umekuwaje?" Stambuli akauliza.

Hakuwa amesema hivyo hata mara moja siku nzima. Hidaya akainamisha kichwa kwenye mkeka. Alois akaanza kumweleza habari za lile jiwe, na Stambuli akasikiliza, akauliza swali jingine, na Alois akamjibu.

Stambuli alichukua wiki nyingi kupona sawasawa, na mambo ya siku ile yalimrudia kidogo kidogo. Aliporudiwa na yote alimweleza Regina kwamba mpangilio wake wa vibao ulikuwa umekosea mahali pamoja. Stefano hakucheka walipokuwa wanakula. Alicheka juu ya gogo, yeye Stambuli alipoteleza na kulikumbatia kama mtoto anavyomkumbatia mama yake. Regina alikubali. Alisema kwa kibao kile hakuwa na hakika tangu mwanzo, alikiweka tu palipokuwa na nafasi.

Mguu wa Alois uliunga vibaya kidogo. Hakurudi kwenye ulanga, na Mzungu mwenye machimbo alipotuma mtu kumwuliza, Regina ndiye aliyetoka nje kumjibu. Walipanua tuta la kabichi mpaka ukingoni mwa kijito. Mvua zilipokwisha walianza kushusha mboga Morogoro, yeye mbele na mzigo, Alois nyuma na fimbo yake, wakiongea njia nzima.